Simu Janja Mpakani: Ikufae, Isikuponze



Katika mikutano ya polisi jamii, jambo linaloulizwa mara nyingi na wakazi wa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna na Mpondwe ni simu. Mmoja ameibiwa simu na akiba yake imekwisha kabla ya jua kuzama. Mwingine amepiga simu ya dharura usiku, akapokelewa na askari wa nchi ya pili. Wa tatu amenunua simu kwa bei nafuu, na baada ya muda akaitwa kituoni kueleza aliipata wapi.

Mambo haya yana chanzo kimoja. Simu janja imeingia mifukoni mwetu upesi kuliko maarifa ya kuitumia. Wengi wetu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, yaani kupiga, kupokea, kutuma pesa na kutazama picha, huku sehemu zilizobuniwa kutulinda zikibaki hazijafunguliwa. Kwa mkazi wa mpakani hasara ya kutojua ni kubwa zaidi, kwa sababu simu yake huishi katika nchi mbili kwa wakati mmoja.

Somo hili linaeleza mambo manane ambayo kila mwenye simu janja anaweza kuyafanya bila fundi na bila malipo. Maelezo yanahusu hasa simu zinazotumia mfumo wa Android, kwa kuwa ndizo nyingi katika eneo letu. Majina ya vipengele huweza kutofautiana kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, lakini kazi zake ni zile zile.

1. Ifanye simu iseme lugha unayoielewa

Watu wengi hubonyeza "ndiyo" kwenye kila swali linaloulizwa na simu, kwa sababu swali lenyewe limeandikwa kwa lugha wasiyoimudu vizuri. Kwa njia hiyo huruhusu programu kusoma ujumbe wao, kufungua kamera au kuchukua orodha ya majina yote waliyohifadhi. Kumbe simu nyingi za Android zinaweza kuonyesha maneno yake yote kwa Kiswahili.

Ingia katika mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya lugha, kisha uchague Kiswahili. Ukishafanya hivyo, soma kila ombi kabla ya kulikubali, na ujiulize swali moja: je, ombi hili linaendana na kazi ya programu hii? Programu ya ramani ina sababu ya kuuliza ulipo. Programu ya tochi haina sababu ya kusoma majina ya ndugu zako. Programu ya mikopo inayotaka orodha yote ya watu unaowasiliana nao iogope, kwa maana siku utakapochelewa kulipa, wakwe zako na mwalimu wa mtoto wako huweza kupigiwa simu za aibu. Kibali ulichokwisha kukitoa unaweza kukiondoa wakati wowote kupitia mipangilio, katika sehemu ya programu na ruhusa zake.

2. Hifadhi namba kwa ukamilifu wake

Ukiwa Kampala, namba inayoanza na sifuri inatosha. Ukiwa mpakani haitoshi. Simu yako inaposhika mnara wa nchi ya pili, mtandao wa huko huisoma namba hiyo kana kwamba ni ya nchi yake. Matokeo yake ni kwamba simu haiendi, au inampata mtu usiyemjua.

Dawa yake ni kuhifadhi kila namba kwa alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe bila ile sifuri ya mwanzo. Msimbo wa Uganda ni +256, wa Kenya +254, wa Tanzania +255, wa Rwanda +250, wa Kongo +243 na wa Sudan Kusini +211. Namba iliyohifadhiwa hivyo hufanya kazi popote utakapokuwa. Anza na namba tano zilizo muhimu zaidi: za nyumbani, za mwenyekiti wa kijiji, za kituo cha polisi kilicho karibu, za zahanati na za mtu mmoja unayemwamini upande wa pili wa mpaka.

3. Unapopiga simu ya dharura, taja kwanza mahali

Namba ya dharura 112 hutumika Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Uganda na Kenya hutumia pia 999. Huhitaji kujua namba ya siri ya simu ili kuipiga, kwa kuwa skrini iliyofungwa ina sehemu ya simu za dharura. Mfundishe mtoto jambo hili, maana siku ya ajali huenda simu iliyo karibu ikawa si yake.

Lipo jambo moja ambalo wakazi wa mpakani lazima walielewe. Simu ya dharura hupelekwa kwa wahudumu wa nchi ambayo mnara wake umeshikwa na simu wakati huo. Mtu aliyesimama upande wa Uganda, lakini simu yake imeshika mnara wa Kenya, huenda akapokelewa na Wakenya. Hilo si kosa la simu, wala si uzembe wa askari. Ni tabia ya mitandao.

Kwa hiyo, sentensi yako ya kwanza isiwe "Njooni haraka, tumevamiwa." Taja nchi, mji, mtaa na alama inayojulikana, kisha ndipo ueleze tukio. Sema, kwa mfano: "Niko Busia ya Uganda, nyuma ya soko, kwenye kisima cha umma. Nyumba inaungua." Neno "Busia" peke yake halitoshi, kwa sababu ipo Busia ya Uganda na ipo Busia ya Kenya. Dakika tatu zinazopotea kwa kuulizana "Busia ipi?" ni dakika ambazo mgonjwa au nyumba inayoungua haina.

Hifadhi pia namba kamili ya kituo chako, yenye msimbo wa nchi. Namba hiyo itakufikisha kituoni hata kama simu yako imehamia mnara wa jirani.

4. Mtandao unaohama na saa inayohama

Simu hutafuta mnara wenye nguvu, haijui mpaka wa nchi. Ndiyo maana mtu huweza kuwa kitandani mwake na bado akapokea ujumbe wa kumkaribisha nchi ya jirani. Tangu mwaka 2014 baadhi ya nchi za Afrika Mashariki, zikiwemo Uganda, Kenya na Rwanda, zilianza mpango wa eneo moja la mtandao uliopunguza sana gharama za kupiga na kupokea simu kati yao. Mpango huo ulianzia kwenye simu za sauti. Usidhani kuwa kila kifurushi cha intaneti ulichonunua nyumbani kitafanya kazi kwenye mnara wa jirani kwa bei ile ile. Uliza kampuni yako kabla ya kuvuka.

Kama unaishi karibu na mstari wa mpaka na data yako huisha bila kueleweka, fanya mambo mawili. Kwanza, zima matumizi ya data kwenye mitandao ya nje ya nchi. Pili, fungua mipangilio ya mtandao wa simu, uondoe uchaguzi wa kiotomatiki, kisha uchague kampuni yako kwa mkono. Ukisafiri kwenda mbali, rudisha uchaguzi wa kiotomatiki, la sivyo simu itakosa mtandao.

Saa nayo huhama. Uganda iko mbele ya Rwanda kwa saa moja, na vivyo hivyo mbele ya mashariki ya Kongo. Kwa hiyo anayeishi Katuna au Mpondwe anaweza kuamka na kukuta simu yake imerudi nyuma kwa saa moja, kwa sababu usiku ilishika mnara wa ng'ambo. Mwanafunzi huchelewa mtihani na msafiri huachwa na basi kwa jambo dogo kama hili. Katika mipangilio ya tarehe na saa, ondoa uchaguzi wa kiotomatiki wa ukanda wa saa, na uweke wa nchi unayoishi.

5. Weka kufuli mbili, si moja

Kufuli ya kwanza inajulikana: ni ile ya skrini. Tumia namba ya siri yenye tarakimu sita, au alama ya kidole pamoja na namba. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234, wala mchoro rahisi unaoacha alama ya mafuta ya kidole kwenye kioo. Usitumie namba moja kwa skrini na kwa pesa, kwa sababu aliyekuchungulia ukifungua simu atakuwa amejua na mfuko wako.

Kufuli ya pili haijulikani na wengi, nayo ndiyo inayookoa pesa. Ni namba ya siri ya laini yenyewe. Mwizi mwenye ujuzi hahangaiki na skrini yako. Huchomoa laini, huiweka katika simu nyingine, na kuanzia hapo ujumbe wote wa kubadilisha namba za siri humfikia yeye. Laini iliyofungwa kwa namba yake ya siri itakataa kufanya kazi katika simu hiyo mpya hadi namba iingizwe.

Kufuli hii huwashwa kupitia mipangilio, katika sehemu ya usalama, panapotajwa SIM. Kabla ya kuigusa, iulize kampuni yako namba ya awali ya laini, kisha uibadilishe iwe yako. Usibahatishe, kwa maana ukikosea mara tatu laini hujifunga, na kuifungua kunahitaji namba maalumu ya PUK yenye tarakimu nane. Namba hiyo huchapishwa kwenye kadi iliyoibeba laini ilipokuwa mpya, au hutolewa na kampuni. Ukikosea PUK mara kumi, laini hufa kabisa. Basi kadi ile ndogo ya plastiki unayoitupa siku ya kununua laini, itunze pamoja na vyeti vya nyumbani.

Kwa wanaotumia WhatsApp, washeni pia uthibitishaji wa hatua mbili. Na ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe mfupi usimpe mtu yeyote, awe rafiki, awe anajiita mfanyakazi wa kampuni, awe anajiita afisa wa polisi. Anayeiomba anataka kuhamia kwenye akaunti yako ili awaombe pesa ndugu zako kwa jina lako.

6. Jua namba ya utambulisho wa simu yako

Kila simu ina namba yake ya utambulisho iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Bonyeza *#06# nayo itatokea. Iandike katika daftari lililoko nyumbani, pamoja na aina ya simu, rangi yake na tarehe uliyoinunua. Hifadhi pia risiti na boksi. Kuiandika namba hiyo ndani ya simu yenyewe hakuna faida, kwani simu ikiibwa, namba nayo imekwenda.

Simu iliyoibwa mpakani huweza kuwa nchi nyingine ndani ya nusu saa. Bila namba hiyo, taarifa yako kituoni husema tu kwamba umepoteza simu nyeusi yenye ufa kwenye kioo, na simu za namna hiyo ni nyingi mno. Ukiwa na namba hiyo, askari ana kitu cha kulinganisha na cha kumpelekea mwenzake wa upande wa pili. Ushirikiano wa polisi wa nchi zetu si jambo geni. Jumuiya ya ushirikiano ya wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ilianzishwa Kampala mwaka 1998 kwa ajili ya uhalifu unaovuka mipaka.

Namba hiyo ni muhimu pia kwa anayenunua simu iliyotumika. Kabla ya kutoa pesa, bonyeza *#06#, ulinganishe na namba iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Zikitofautiana, au muuzaji akikosa vyote viwili na kukuharakisha, acha. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kusema "sikujua" hakumsaidii sana mtu aliyenunua kichochoroni kwa nusu ya bei. Kumbuka vilevile kwamba Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao yake mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo mwezi Juni 2016. Simu bandia iliyo rahisi upande mmoja huweza kuwa haina kazi upande wa pili.

Zaidi ya hayo, simu ya Android iliyounganishwa na akaunti ya Google inaweza kutafutwa kwa kutumia simu nyingine, maadamu imewashwa na ina intaneti. Kupitia huduma hiyo unaweza kuiita ilie, kuifunga, kuona ilipo kwenye ramani au kufuta vilivyomo. Lakini hapa tunasisitiza: ukiiona simu yako kwenye ramani, lete ramani hiyo kituoni. Usiifuate mwenyewe, na hasa usivuke mpaka kuifuata. Simu hununuliwa nyingine, uhai haununuliwi.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni usajili wa laini. Usisajili laini kwa kitambulisho chako kisha ukampa mgeni au rafiki kutoka ng'ambo kwa kumwonea huruma. Laini hiyo ikitumiwa kutapeli, jina litakalosomwa ni lako. Mgeni ana njia yake halali ya kusajili kwa hati zake mwenyewe, nawe umsaidie kwa kumwonyesha duka la kampuni.

7. Pesa huonekana kwenye salio, si kwenye ujumbe

Tuchukue mfano wa mama anayeuza dagaa, ambao upande huu huitwa mukene na ng'ambo huitwa omena. Soko limejaa, wateja wanapigana vikumbo. Mnunuzi anachukua magunia mawili, anabonyeza simu yake, na mara simu ya mama inalia. Ujumbe unasema kwamba amepokea pesa, jina la mnunuzi lipo, kiasi kipo. Mama anaruhusu mzigo kupakiwa. Jioni anakwenda kwa wakala kutoa pesa, anakuta salio ni lile la jana. Ule ujumbe uliandikwa na mtu kwa vidole vyake, ukatumwa kutoka simu ya kawaida.

Mtaji wa mama huyo mara nyingi ni mkopo wa kikundi. Magunia mawili yakipotea, marejesho ya wiki hukosekana, na wanakikundi wenzake ndio wanaomlipia. Hasara ya ujumbe mmoja huingia katika nyumba kumi.

Kanuni ni fupi: usiuamini ujumbe, amini salio. Kabla ya mzigo kuondoka, fungua mwenyewe huduma ya pesa na utazame salio. Kwa Uganda, wateja wa MTN hubonyeza *165# na wa Airtel hubonyeza *185#. Mnunuzi mwaminifu atasubiri dakika hiyo moja. Asiyetaka kusubiri amekwisha kujieleza.

Tazama pia ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa kweli hukaa katika mfululizo mmoja na ujumbe wa miamala yako ya zamani. Ujumbe uliotoka kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama maneno yake yanafanana, si wa kampuni.

Mtu akikupigia akisema ametuma pesa kwako kimakosa na anaomba umrudishie, usimtumie kitu. Tazama salio kwanza. Kama pesa imeingia kweli, mwambie awasiliane na kampuni yake irejeshe muamala kwa utaratibu wake. Nawe usiitumie pesa hiyo, kwa kuwa si yako.

8. Ramani, ushahidi na uvumi

Wengi hudhani kwamba ramani haifanyi kazi bila intaneti. Sivyo. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na kupokea huko hakuhitaji data. Kinachohitaji data ni picha ya ramani tu. Ukiwa mahali penye mtandao mzuri, fungua Google Maps, upakue ramani ya wilaya yako na ya wilaya ya jirani ng'ambo ya mpaka. Baada ya hapo itafunguka hata porini. Ukibonyeza kwa muda mahali ulipo kwenye ramani, utaona tarakimu za mahali hapo. Tarakimu hizo zinaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na askari au dereva wa gari la wagonjwa akafika hadi pale, hata kama njia haina jina.

Simu ni shahidi pia, iwapo itatumiwa kwa uangalifu. Ukitukanwa, ukitishwa au ukitapeliwa kwa ujumbe, usiufute kwa hasira. Upige picha ya skrini, na uubakize ulivyo. Ukipiga picha ya tukio, usiikate wala kuipamba. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huipunguza ubora na kuondoa taarifa za lini na wapi ilipigwa. Itume kama hati, au bora zaidi, leta simu yenyewe kituoni. Na hapa linarudi lile jambo la saa: kama simu yako ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo, mweleze afisa, ili saa ya kwenye picha isije ikapingana na maelezo yako.

Picha za maiti, za mtoto aliyepotea akapatikana, au za mwanamke aliyeshambuliwa hazistahili kusambazwa. Mpelekee mpelelezi, kisha uishie hapo.

Uvumi nao unahitaji kufungiwa mlango. Habari ya wezi wa watoto, ya ugonjwa uliovuka mpaka, au ya kabila fulani kujiandaa kushambulia, huenea kwa dakika chache kuliko gari la doria. Mwaka 2018 nchini India watu kadhaa wasio na hatia waliuawa na makundi yenye hasira kwa sababu ya uvumi wa wizi wa watoto uliosambazwa kwa simu. Mwaka uliofuata WhatsApp iliweka kikomo kwa watumiaji wote: ujumbe mmoja haupelekwi mbele kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja. Ukiona ujumbe una mishale miwili juu yake, ujue umepita mikono mingi na aliyekutumia si mwandishi wake. Katika eneo letu, ambamo wageni hupita kila siku wakiuliza njia, ujumbe mmoja wa uongo unatosha kumfanya mpita njia aonekane mwizi wa watoto. Mpigie afisa uhusiano wa jamii au mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuusambaza. Ukisubiri saa moja na habari ikawa ya kweli, hujapoteza kitu kikubwa. Ukiharakisha na ikawa ya uongo, huenda ukawa umeua.

Kuhusu betri na nafasi

Hayo yote hayana maana kama simu imezima. Mpakani betri huisha haraka kwa sababu simu hurukaruka kati ya minara, na kutafuta mtandao ni kazi nzito kwake. Kuchagua mtandao kwa mkono, kama tulivyoeleza, husaidia. Punguza mwanga wa skrini, washa kiokoa betri, na usiku washa hali ya ndegeni kama hungoji simu ya mtu. Usiache simu juani au juu ya dashibodi ya gari, kwa kuwa joto ndilo adui mkubwa wa betri. Betri iliyovimba isichajiwe tena.

Ukiacha simu kwenye kibanda cha kuchaji, iache imezimwa au imefungwa, si wazi. Na kama simu imejaa, zima upakuaji wa kiotomatiki wa picha na video katika WhatsApp, ufute video za vikundi, kisha uunganishe orodha ya majina yako na akaunti ya Google ili simu ikipotea majina yasipotee nayo. Akiba haiozi.

Kazi ya jioni moja

Msomaji asiahirishe. Leo jioni, simu ikiwa mkononi na daftari likiwa pembeni, fanya haya kwa utaratibu:

Kwanza, bonyeza *#06# na uandike namba zinazotokea. Pili, hifadhi namba tano muhimu zenye msimbo wa nchi. Tatu, badilisha namba ya siri ya skrini iwe tofauti na ya pesa. Nne, tafuta kadi iliyobeba laini yako, na kesho umwulize mhudumu wa kampuni namna ya kuifunga laini. Tano, pakua ramani ya wilaya. Sita, mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani jinsi ya kupiga 112 skrini ikiwa imefungwa.

Maswali ya kujadili katika baraza la kijiji

1. Katika kijiji chetu, ni sehemu zipi ambazo simu hushika mnara wa nchi ya pili? Je, watoto wetu wanajua alama za kutaja wanapopiga simu ya dharura kutoka sehemu hizo?

2. Wauzaji wa sokoni wanaweza kukubaliana vipi kwamba mzigo hauondoki kabla salio halijatazamwa, ili mnunuzi asione kuwa anadhaniwa mwizi?

3. Nani katika kikundi chetu cha WhatsApp atakuwa na jukumu la kuthibitisha habari kabla haijasambazwa?

Mpaka wetu umejaa watu wanaotafuta riziki kwa amani pande zote mbili, na simu imewasogeza karibu zaidi. Anayehitaji kuelekezwa zaidi afike katika ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii akiwa na simu yake. Huduma hiyo haina malipo, na hakuna afisa atakayemwomba namba yake ya siri. Atakayeiomba, hata akiwa amevaa sare, usimpe, na umripoti kwa mkuu wa kituo.